Bili ya Kodi ya Texas: Nani Analipia Darasa, Nani Analipia Gereza

Kila Oktoba bahasha ile hufika. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Bukavu anayeishi Fort Worth, Texas, alipoipata mara ya kwanza baada ya kununua nyumba, alinipigia simu ya video akiwa ameisogeza karatasi karibu mno na kamera hata sikuona kitu. Alipoirudisha nyuma kidogo nikaiona orodha: kaunti, jiji, hospitali ya umma, chuo cha kaunti, mamlaka ya maji, na mstari mmoja wenye herufi tatu mwishoni, ISD, ukiwa na tarakimu kubwa kuliko yote.

"Kaka, hii ISD njo nani? Njo anakula franga yote hii?"

ISD ni wilaya ya shule. Ndiyo, inakula mara nyingi karibu nusu ya bili, na rafiki yangu wala hana mtoto anayesoma. Aliponiuliza kama magereza nayo yamo kwenye karatasi hiyo, nilimwambia hayamo. Mahabusu ya kaunti imo, ndani ya mstari wa kaunti. Gereza lenyewe, lile la miaka 5 au 20, halimo. Halipwi kutoka mfuko huo.

Anayefuatilia mabishano ya siasa za Texas kuhusu shule, matumizi ya serikali na haki jinai, akianzia kwenye hotuba, atapotea. Aanzie kwenye mifuko. Takriban kila mageuzi makubwa ya jimbo hilo katika miaka 30 iliyopita yalikuwa ugomvi wa kuhamisha gharama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, hata pale waliogombana waliposema wanapigania watoto, usalama au uhuru.

Kwanza tuondoe kitu kinachowachanganya wasomaji wengi wa kwetu. Jimbo la Marekani si mkoa wa Tanzania wenye mkuu aliyeteuliwa na Rais. Si kaunti ya Kenya pia, ambayo katika elimu imeachiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Jimbo lina katiba yake, bunge lake na sheria yake ya makosa ya jinai. Wafungwa walio wengi nchini Marekani wako kwenye magereza ya majimbo, na fedha za serikali ya kitaifa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya gharama za shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo Mmarekani anapolalamikia shule au jela, hata akimtukana Rais, anayehusika zaidi ni mtu wa mji mkuu wa jimbo: Austin wa Texas, Albany wa New York au Sacramento wa California.

Texas ina masharti yake ya ziada. Bunge lake hukutana mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, tena kwa siku 140 tu, na mbunge hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, ukiacha posho. Jimbo halina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na tangu 2019 katiba inaikataza kabisa. Bajeti haiwezi kupita bila Mdhibiti wa Hesabu kuthibitisha kwamba fedha zipo. Tangu 1978 katiba pia inazuia matumizi yatokanayo na kodi za jimbo yasikue haraka kuliko uchumi, na sheria ya 2021 ilikaza kamba zaidi kwa kuyafunga na ongezeko la watu na mfumuko wa bei. Kinachobaki kuendesha jimbo, ukiacha fedha za Washington, ni hasa kodi ya mauzo. Kodi ya ardhi na majengo ni ya ngazi za chini: kaunti, miji, wilaya za shule.

Sasa tazama shule zinavyolipwa. Kila mwanafunzi ana kiwango cha msingi kilichowekwa na bunge, kinachoongezwa kulingana na hali yake: mtoto wa familia maskini, mwenye ulemavu, anayejifunza Kiingereza. Wilaya inatumia kwanza kodi ya nyumba iliyokusanya yenyewe. Ikipungukiwa, jimbo linajaza. Ndiyo maana bei za nyumba zinapopanda, bili ya rafiki yangu hupanda, lakini shule ya mtaani kwake inaweza isione hata senti ya ziada: kodi yake imejaza ndoo, na jimbo limepunguza maji yake. Mwenye nyumba anadhani ameichangia shule zaidi. Kwa hesabu halisi ameipunguzia mzigo hazina ya Austin. Sijui kama kuna jambo lingine katika siasa za Texas linaloeleweka vibaya na watu wengi kiasi hiki, wakiwemo wanaolilipia.

Mpango huo haukuzuka kwa amani. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Edgewood, upande wa magharibi wa San Antonio, walitoka madarasani kupinga majengo mabovu na walimu wasio na sifa. Edgewood ilikuwa ya Wamarekani wenye asili ya Mexico, wengi wao maskini. Wazazi wakafungua kesi, wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati. Takwimu zilizofika mahakamani zilikuwa za aibu. Edgewood ilijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, jirani zao matajiri wa Alamo Heights senti 85. Bado Edgewood ilibaki na dola 356 kwa mwanafunzi, na Alamo Heights 594. Maskini alijikamua zaidi akapata kidogo, kwa sababu alichokuwa akikamua ni vibanda.

Rodriguez alishindwa. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ilisema katiba ya taifa haiitambui elimu kuwa haki ya msingi. Mlango wa Washington ukafungwa, na watu wakarudi kwenye katiba ya jimbo, ambayo inalitaka bunge liwe na mfumo wa shule za bure wenye ufanisi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ilisema kwa kauli moja kwamba hapakuwa na ufanisi wowote pale ambapo wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na mali ya zaidi ya dola milioni 14 kwa kila mwanafunzi, na maskini kuliko zote takriban dola 20,000. Ni tofauti ya 700 kwa 1.

Bunge lilihangaika, likatunga sheria zikakataliwa, hadi 1993 ilipopatikana iliyosimama: wilaya tajiri itoe sehemu ya kodi yake ivuke kwenda kwingine. Watu waliibandika jina la Robin Hood, yule wa hadithi aliyewanyang'anya matajiri akawapa maskini. Austin, mji mkuu wenyewe, ndiyo imekuwa ikilipa zaidi, ingawa watoto wengi wanaosoma kwenye shule zake hawatoki nyumba za kitajiri. Ardhi ni ghali. Wanaoishi juu yake si lazima wawe matajiri.

Utoro

Kati ya darasa na gereza palikuwa na daraja, na watu wachache nje ya Texas waliliona.

Texas huhesabu fedha za shule kwa wastani wa wanafunzi waliohudhuria kila siku, si kwa walioandikishwa. Mtoto asipokuja, fedha hazijai. Na hadi 2015, utoro ulikuwa kosa la jinai la daraja la chini, lililosikilizwa kwenye mahakama za watu wazima. Siku 10 za kutohudhuria bila ruhusa ndani ya miezi 6, shule ililazimika kumpeleka mtoto mahakamani. Siku 3 ndani ya wiki 4, ingeweza ikitaka. Faini ilifika dola 500. Kaunti ya Dallas ilikuwa na mahakama maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 kesi za utoro Texas zilizidi 100,000.

Fikiria binti wa miaka 15 anayekosa shule kwa sababu anamlea mdogo wake mama akiwa zamu ya asubuhi. Anaitwa mahakamani, kwa hiyo anakosa siku nyingine. Hana wakili, maana kwa kosa linaloishia kwenye faini mtu hapewi wakili wa serikali. Anakubali kosa. Anapigwa faini ambayo mama hana. Wilaya ya shule imeonyesha kwamba inafuatilia mahudhurio, mahakama imepata ada, na mtoto ameanza kuwa na rekodi. Kila mfuko uko sawa isipokuwa wa mama.

Mwezi Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kuzichunguza mahakama za utoro za Dallas. Miezi michache baadaye Gavana Greg Abbott, Mrepublican, alitia saini sheria iliyouondoa utoro kwenye jinai kuanzia Septemba 1. Shule zikatakiwa zijaribu kwanza kusaidia kabla ya kushitaki, na kesi zilizobaki zikawa za madai. Sheria hiyo iliungwa mkono na watetezi wa haki za watoto wa mrengo wa kushoto na wahafidhina waliochoshwa na serikali kuingilia familia. Muungano huo haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa umeshajifunza kufanya kazi pamoja kwenye jambo kubwa zaidi.

Vitanda 17,000

Texas ilijenga magereza kama watu wanavyojenga fremu za maduka kando ya barabara mpya. Sababu mojawapo ni kesi aliyoianzisha mfungwa David Ruiz kwa ombi la kuandika kwa mkono mwaka 1972. Mwaka 1980 jaji wa shirikisho, William Wayne Justice, aliamua kwamba msongamano na ukatili kwenye magereza hayo ulivunja katiba. Jimbo lingeweza kufunga watu wachache au kujenga zaidi, na kwa kiasi kikubwa likajenga. Mwaka 1990 wafungwa walikuwa kama 50,000. Miaka 10 baadaye walikuwa karibu mara tatu.

Mchango wa mifuko hapa unahitaji kutazamwa kwa karibu. Mwendesha mashtaka na jaji huchaguliwa na wapigakura wa kaunti. Anayemfunga mtu miaka 10 anapata sifa nyumbani, na gharama ya miaka hiyo yote inalipwa na jimbo. Akimpa kifungo cha nje, programu na usimamizi vinaigusa kaunti. Yaani gereza, kwa anayeamua, ni la bure. Hata bila ubaya wa mtu yeyote, mfumo wenye bei kama hiyo utajaza vitanda.

Mwanzoni mwa 2007 wataalamu wa bajeti wa bunge walitoa makadirio: ndani ya miaka 5 vitahitajika vitanda zaidi ya 17,000 vipya, na kuvijenga na kuviendesha kutafika dola bilioni 2. Aliyekuwa amekabidhiwa kamati ya magereza kwenye Baraza la Wawakilishi ni Jerry Madden, Mrepublican wa Plano, mhandisi kwa mafunzo na mgeni kabisa kwenye mambo ya haki jinai. Spika Tom Craddick alipompa kazi hiyo mwaka 2005 alimwagiza jambo moja fupi: asijenge magereza mapya, yana gharama mno. Upande wa Seneti alikuwepo John Whitmire, Mdemokrati wa Houston ambaye sasa ni meya wa jiji hilo.

Wawili hao walimtafuta Tony Fabelo, mtakwimu ambaye aliongoza ofisi ya jimbo ya utafiti wa haki jinai hadi Gavana Rick Perry alipoifuta bajeti yake kwa kalamu mwaka 2003. Ni kichekesho kidogo: jimbo lilifuta ofisi ya mahesabu ili kubana matumizi, kisha miaka 4 baadaye likamwita mwenye mahesabu aliokoe na bili ya bilioni 2.

Swali lao lilikuwa la kihandisi: haya maji yanaingia kutoka wapi? Majibu hayakuwa majambazi wapya. Sehemu kubwa walikuwa watu waliokuwa tayari kwenye kifungo cha nje au parole (kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha), wakarudishwa ndani, wengi kwa kuvunja masharti: kukosa miadi, kupimwa na kukutwa na dawa za kulevya. Wengine walishakubaliwa parole, lakini kwa sharti la kumaliza programu ya matibabu ambayo nafasi zake hazikutosha. Mtu ameruhusiwa kutoka, anakaa ndani kusubiri foleni ya darasa, na jimbo linamlipia chakula na mlinzi.

Badala ya bilioni 2, bunge la 2007 liliweka dola milioni 241 kwenye nafasi za matibabu ya uraibu, nyumba za mpito, na vituo vya muda mfupi ambako aliyevunja sharti hukaa kwa wiki au miezi, si kurudishwa kumaliza miaka yote. Kumsimamia mtu nje kulikuwa nafuu kwa zaidi ya mara 10 kuliko kumlaza ndani, kwa hiyo hesabu haikuhitaji huruma. Perry, ambaye miaka miwili nyuma aliukataa muswada wa kulegeza kifungo cha nje, safari hii alitia saini.

Vile vitanda 17,000 havikujengwa. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza katika historia yake, Texas ilifunga gereza, na mengine kadhaa yakafuata. Idadi ya wafungwa, iliyopita 150,000 karibu na 2010, ilishuka hadi takriban 120,000 mwaka 2021, ingawa mteremko wa mwisho ni wa UVIKO uliosimamisha mahakama. Taasisi ya kihafidhina ya Austin, Texas Public Policy Foundation, ilianzisha mwaka 2010 kampeni ya Right on Crime kuipeleka hoja hii kwa majimbo mengine, na Georgia na Mississippi zote mbili zilipitisha sheria za aina hiyo. Uhalifu ulishuka Texas katika miaka hiyo, lakini ulishuka Marekani karibu yote. Anayesema sheria ya 2007 ndiyo iliyoupunguza anadai zaidi ya anachoweza kuthibitisha. Kinachoonekana wazi ni kwamba watu wengi walibaki nje bila maafa yaliyotabiriwa.

Hoja ya fedha ina udhaifu wake, na mimi naona haujadiliwi vya kutosha na walioishangilia. Ukimshawishi mtu asifunge wenzake kwa sababu hana pesa, umemwachia ruhusa ya kufunga akizipata. Mwaka 2023 Texas iliingia bungeni na ziada ya dola bilioni 32.7. Mwaka huohuo adhabu ya chini ya kusafirisha wahamiaji kwa magendo ilipandishwa kutoka miaka 2 hadi 10, na mwaka 2025 wapigakura walibadili katiba ili washitakiwa wa makosa fulani ya ukatili wanyimwe dhamana. Wafungwa wameshavuka tena 130,000.

Ziada hiyohiyo ilikwenda wapi upande wa shule? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kupunguza kodi ya nyumba, kifurushi cha takriban dola bilioni 18. Thamani ya nyumba ya kuishi isiyotozwa kodi ya shule ilipanda kutoka dola 40,000 hadi 100,000. Rafiki yangu alinufaika, na nisimharibie furaha yake. Lakini kile kiwango cha msingi cha mwanafunzi kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, na 2023 hakikuguswa, kwa sababu Gavana Abbott alitaka kifungwe kamba moja na vocha: fedha za umma kwa mzazi anayempeleka mtoto shule binafsi.

Wapinzani waliozika vocha mwaka huo hawakuwa Wademokrati peke yao. Novemba 2023 Warepublican 21, wengi wa vijijini, waliungana nao kuziondoa kwa kura 84 dhidi ya 63. Ukitembelea miji midogo ya Texas magharibi utawaelewa. Wilaya ya shule ndiyo mwajiri mkubwa. Ijumaa usiku mji mzima uko uwanjani kutazama vijana wa sekondari wakicheza mpira wao wa Kimarekani. Shule binafsi ya karibu iko mwendo wa saa nzima. Vocha kwa mzazi wa pale ni kama kupewa tiketi ya kivuko mahali pasipo na maji, na kwa kuwa fedha hufuata mahudhurio, kila mtoto anayeondoka anaondoka na mgao wake huku basi, bomba na mwalimu wa fizikia vikibaki na gharama ileile.

Abbott aliwafuata mmojammoja kwenye kura za mchujo za 2024, akiwa na fungu zito, zikiwemo dola milioni 6 kutoka kwa Jeff Yass, bilionea wa Pennsylvania. Wengi wao waliondolewa au hawakugombea tena. Aprili 2025 vocha zilipita 86 kwa 61, na Mei 3 gavana alitia saini: dola bilioni 1 kwa kuanzia, takriban dola 10,000 kwa mwanafunzi wa shule binafsi, hadi 30,000 kwa mwenye ulemavu, 2,000 kwa anayesomea nyumbani. Shule za umma nazo zikapata dola bilioni 8.5, nyingi zikiwa zimeshapangiwa kazi maalumu kama mishahara ya walimu. Kiwango cha msingi kikapanda kwa dola 55.

Wanaoita vocha mageuzi ya matumizi ya serikali wanashangaza kidogo. Ni mstari mpya kwenye bajeti, na familia ambayo tayari inalipa karo inaweza kuomba. Kama hoja ni uhuru wa mzazi kuchagua, isemwe hivyo na ijadiliwe hivyo. Kuiita ubanaji matumizi ni kuiazimia sare ya mtu mwingine.

Gereza lile la kwanza kufungwa, la 2011, liliitwa Central Unit, katika mji wa Sugar Land karibu na Houston. Jina la mji linatokana na sukari. Tangu 1878 jimbo, likikwepa gharama ya kulisha wafungwa, liliwakodisha kwa wenye mashamba ya miwa. Wengi walikuwa weusi, baadhi yao walizaliwa watumwa, na utaratibu huo haukufutwa hadi miaka ya 1910. Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alisema kwa miaka mingi kwamba wamezikwa hapo mahali bila alama. Mwaka 2018 mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa chuo cha ufundi cha wilaya ya shule ya Fort Bend waligonga mifupa. Walihesabiwa watu 95, mdogo wao akiwa na umri wa takriban miaka 14. Novemba 2019 walizikwa upya palepale, kando ya jengo, na jengo lenyewe linalipiwa na wenye nyumba wa eneo hilo kila Oktoba, kwenye mstari wa ISD.